Kupika Bila Kuonja

Kitu cha kwanza alichokiona Nayibe kilikuwa jicho. Kila mara mama mkwe wake alipoonja shira alifumba jicho moja, la kushoto, kama mtu anayelenga shabaha, kisha akasema "bado" au "tayari". Tangu Nayibe aolewe katika nyumba ile hakuwahi kumwona akionja kwa macho mawili. Lakini Ijumaa ile ya kabla ya Jumapili ya Matawi, papai bichi likichemka juu ya mafiga uani, Etelvina aliinua mwiko, akapuliza, akaonja, na macho yake yote mawili yakabaki wazi. Wala hayakuitazama sufuria. Yalimtazama Nayibe usoni.

"Vipi?" akauliza, akimkabidhi mwiko.

Nayibe akaonja. Ilikuwa tamu ya kutosha, pengine imezidi kidogo. Akaitikia kwa kichwa.

"Bado," Etelvina akajijibu mwenyewe. Akachota kikombe cha sukari nyeupe guniani, akamimina, akakoroga. Akaonja tena, macho wazi. Akachota kingine.

Nayibe angeweza kusema. Maneno yalimfika kooni, yakakaa hapo, yakarudi chini kama kawaida yao. Alikuwa mtu wa kuitikia kwa kichwa. Alilelewa na bibi yake kule juu ya mto, katika nyumba ambayo siku nzima ingeweza kupita kwa "lete kuni" na "funga kuku", na shule aliiacha darasa la tatu, mwaka ambao mafuriko yalikula njia na bibi akaanza kuumwa miguu. Mtaani hapa, katika mji wa Lorica, walimwita Bubu. Hawakumwita kwa ubaya, lakini walimwita. Siku aliyoletwa na Eliseo mumewe, ndugu walimzunguka wakimuuliza wazazi wake ni nani, amesoma wapi, anajua kufanya nini, naye akaangalia vidole vya miguu yake mpaka Etelvina alipopita katikati yao na bakuli la papai. "Mwacheni ale kwanza," alisema. Hakuna aliyemuuliza kitu tena siku ile.

Sasa papai lilikuwa linapakuliwa. Juma Kuu kwao ni juma la mabakuli. Kila nyumba inapika kitamu chake, huyu cha viazi vikuu, yule cha maharage, mwingine cha nazi, na mabakuli yanavuka barabara na kupita juu ya ua mpaka usijue la nani ni lipi. Bakuli likiingia kwako na kitamu cha jirani, halitoki tupu, linatoka na chako. Papai la Etelvina lilikuwa likingojwa na mtaa mzima, kwa sababu vipande vyake vilikuwa vya kijani angavu kama vioo vya chupa, na shira yake ilikuwa nyeupe pe. Mwenyewe alipenda kusema kwamba mtu angeweza kusoma gazeti kupitia papai lake.

Nayibe akayapeleka mabakuli, nyumba kwa nyumba, akisema "mama anasalimu" na hakuna zaidi. Jioni akala la kwake, jikoni, peke yake. Kipande cha kwanza kilimchoma koo. Cha pili kilimfanya atafute maji. Alikaa na lile bakuli magotini muda mrefu, kisha akala lote akalimaliza.

Kesho yake alikuwa akianika nguo karibu na ua wa Bi Zunilda, jirani yao wa upande wa mto, mwanamke mwenye sauti ya kuita feri. Zunilda alikuwa na mgeni.

"Onja, onja mwenyewe usije ukasema nasengenya," alikuwa akisema. "Mwaka huu Etelvina kawapikia sisimizi."

"Toba! Hii hata sisimizi wataomba maji ya kunywa."

"Wameshaomba! Asubuhi nimewakuta wamejipanga kwenye mtungi."

Wakacheka mpaka wakakohoa. Kupitia nafasi ya fito Nayibe aliona vipande vya kijani vikielea katika hori la nguruwe.

Mabakuli yalirudi, ndiyo, yakiwa na vitamu vya watu. Lakini hakuna aliyepaza sauti juu ya ua kama miaka mingine, kwamba Etelvina umetuua, Etelvina umebakiza? Mama mkwe alikaa mlangoni alasiri yote na ungo wa maharage aliyokwisha kuyachambua.

"Zunilda kasemaje?" akauliza, bila kuinua uso.

"Kasema ahsante."

"Ahsante tu?"

Nayibe akaitikia kwa kichwa.

Jumapili akaja Rosiris, binti mkubwa wa Etelvina, kutoka Montería, na tawi lake la mchikichi mkononi na jasho likimtiririka. Rosiris hakuwa mtu wa kusubiri kukaribishwa. Alifungua kabati, akatoa papai lililobaki, akatia kijiko kinywani, akasimama hivyo hivyo.

"Yesu na Maria! Mama, umemwaga gunia zima humu?"

"Ulimi wako umekuwa wa mjini," Etelvina akasema. "Umezoea vitu vya makopo."

"Ulimi wangu mzima kabisa. Wifi, hebu sema wewe, hii inalika?"

Nayibe akaangalia vidole vya miguu yake.

"Ahaa, nimeuuliza ukuta." Rosiris akavuta kiti, akakaa karibu na mama yake, na sauti yake ikashuka. Hapo ndipo Nayibe alipoona kwamba hakuja kugombana. "Mama, umechoka. Tangu ile homa ya Januari umekonda, umesahausahau. Njoo ukae kwangu. Kuna feni, kuna tamthilia, wajukuu wapo."

"Nikae mbele ya feni kama nguo iliyofuliwa?"

"Ukae kama binadamu anayepumzika. Watu wameanza kusema, mama. Sitaki wakucheke."

"Nani anasema?"

Rosiris akageukia mongo mongo, kile kitamu cha matunda mengi yanayochemshwa pamoja. "Jumatano utapika mongo mongo. Nitakuja kukusaidia. Ikitoka kama zamani, nafunga mdomo wangu. Ikitoka kama hili papai, ile sufuria kubwa naondoka nayo, na wewe naondoka na wewe."

"Haya," Etelvina akasema. "Njoo na kamba ya kufungia sufuria."

Alisema kwa kicheko, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza.

Jumatatu asubuhi Nayibe alipika kahawa, akaenda kuchukua sukari, akakuta gunia halina kitu. Yote ilikuwa imeingia katika papai. Aliliosha kopo la sukari, akaliinamisha rafuni likauke, akapeleka kahawa isiyo na sukari huku akipanga maneno ya kuomba radhi. Maneno yakachelewa. Etelvina alikuwa ameshapiga mafunda mawili.

"Leo umeipatia," akasema. "Imekolea sukari vizuri."

Nayibe akabaki amesimama na sahani mkononi. Kahawa ile ilikuwa chungu kama dawa. Mama mkwe akainua macho, akamwona usoni, akaangalia ndani ya kikombe, kisha rafuni. Nayibe hakujua kama ameliona lile kopo lililoinamishwa. Etelvina akainywa kahawa mpaka mwisho, polepole, akarudisha kikombe.

"Nenda sokoni ukanunue sukari," akasema. "Ya Jumatano."

Njiani Nayibe alikuwa akiliwaza lile jicho moja ambalo halikufumbwa. Basi ndivyo ilivyokuwa. Homa ya Januari ilipita mtaa mzima, watu wakapoteza ladha kwa siku kadhaa, ikawarudia. Mama haikumrudia. Alikuwa akipika kizani kwa miezi, akisoma nyuso za watu badala ya ulimi wake. Na uso aliousoma zaidi kuliko nyuso zote ulikuwa wa mtu anayekubali kila kitu.

Alifika sokoni, ukingoni mwa mto, akapita mbele ya magunia ya sukari nyeupe, na miguu ikaendelea. Ilimpeleka nyuma, kwenye meza za sukari guru, mahali penye nyuki na harufu ya miwa iliyochemshwa. Harufu ile ilikuwa ya jikoni kwa bibi yake.

Bibi yake alikuwa na nadhiri. Kwaresima yote hakuweka kitu kitamu kinywani, hata tone, na kitamu cha Juma Kuu alikipika hivyo hivyo, amefunga, bila kuonja. Alifungua kinywa Alhamisi Kuu, bakuli la kwanza likishatoka nyumbani. Nayibe mdogo, amechuchumaa karibu na moto, hakuwahi kufikiri kwamba kuna namna nyingine ya kupika. Bibi alipima matunda kwa bakuli na sukari guru kwa bonge. Bonge moja kwa mabakuli mawili, na ndizi zikiwa zimeiva mpaka nyeusi, unapunguza nusu bonge. Huwezi kuongezea ongezea bonge kama unavyomwaga sukari ya unga. Liko mkononi mwako, lina uzito wake, ukishalitia limekwisha. Halafu alisikiliza.

"Dada, unanunua au unawahesabu nyuki?" muuzaji akamuuliza. Alimsukumia mabonge ya rangi ya asali. "Haya mazuri haya, meupe, hata kwa wageni hutaona aibu."

Nayibe akalikwaruza moja kwa kucha. Alisogeza mkono kwenye rundo la pembeni, la kahawia iliyokolea, lenye alama za ubao wa kinu cha miwa.

"Hayo ya farasi hayo!"

Akaitikia kwa kichwa, akafungua mkoba.

Etelvina alipoona mabonge yamepangwa mezani alilisukuma moja kwa kidole.

"Nilikutuma nini?"

"Sukari."

"Na hii ni nini?"

"Sukari," Nayibe akasema.

"Usinichezee, binti. Hii ni ya kahawa ya wachunga ng'ombe. Mama yangu alipika vitamu kwa hii, akavibeba kichwani, peku, kutoka Cotorra mpaka hapa, na wenye maduka wakamwambia azunguke mlango wa nyuma. Siku niliyopika papai langu la kwanza kwa sukari nyeupe, mke wa Mturuki wa duka la vitambaa alinikaribisha sebuleni. Sebuleni! Nikakaa kwenye kiti chenye mto laini. Unataka nirudi mlango wa nyuma uzeeni?"

Nayibe alisogea mezani. Alishika bonge moja kwa mikono miwili ili apate cha kushika, akaliambia bonge, si mama mkwe:

"Bibi yangu alikuwa haonji. Alikuwa amefunga. Kwaresima yote. Alikuwa anapika kwa haya na haonji."

Bodaboda ikapita nje, ikaenda zake.

"Haonji kabisa?"

"Kabisa."

"Na watu walikula?"

"Walilamba bakuli."

Etelvina akakaa. "Alijuaje kama tayari?"

"Alisikiliza. Mwanzo inachemka kama maji. Halafu inachemka kama tope. Halafu mwiko ukipita unaona chini ya sufuria, na njia haizibi upesi." Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja katika nyumba ile.

Mama mkwe alinyoosha mkono, akachukua bonge, akalipima kiganjani, juu, chini. Kitu kikabadilika usoni mwake.

"Nilikuwa navunja haya kwa jiwe," akasema. "Mtoto mdogo. Mama ananipigia kelele, wee Etelvina, unavunja au unakula?" Aliligeuza upande wa pili. "Sufuria ya bibi yako ilikuwa ndogo."

"Tutapima kwa mabakuli, mama."

Etelvina alifungua kabati, akatoa mabakuli ya kupelekea watu, akayapanga mezani kandokando ya mabonge.

Jumatano uani kulijaa. Rosiris alikuja kweli na kamba, akaitundika kwenye mti wa mbuni makusudi ionekane. Zunilda alikuja na kisu chake, kwa sababu mongo mongo ni kazi ya mikono mingi. Kuna ndizi za kumenya, mananasi ya kukata, embe, nazi ya kukuna, mdalasini, karafuu. Ulimi wa Zunilda ulifanya kazi kuliko kisu.

"Heee, Etelvina! Sukari guru? Duka la Mturuki limefungwa?"

"Limefungwa tangu wewe msichana, kwa hiyo ni zamani sana," Etelvina akajibu.

"Na nani kavunja haya yote? Bubu?"

"Ana jina."

Nayibe alikuwa ameinama juu ya jiwe, akivunja. Mabonge yaliingia sufuriani pamoja na maji kidogo, yakayeyuka, povu likapanda chafu, wakalitoa. Yakaingia matunda. Moto ulikuwa wa kuni za mwembe, wa polepole. Etelvina alisimama na mwiko kama nahodha, amevaa aproni yake ya Alhamisi Kuu siku ya Jumatano. Rangi ikaanza kukolea. Rosiris alichungulia, akakunja uso.

"Mama, inaungua."

"Haiungui. Ndiyo rangi yake."

"Ni nyeusi!"

"Na wewe ulizaliwa hivyo hivyo, nikakupenda."

Watu wakacheka. Lakini kicheko kilipokwisha, Zunilda alichukua kijiko safi, akakizamisha, akakipuliza, akamnyooshea Etelvina mbele ya wote.

"Basi onja, mwenye sufuria. Tuambie imefikia wapi. Tukuone na lile jicho lako."

Kumbe na yeye alilijua jicho. Mtaa mzima ulilijua. Rosiris aliacha kukuna nazi. Etelvina alikitazama kijiko. Angeweza kukitia kinywani, angeweza hata kulifumba jicho kwa kuigiza, lakini baada ya hapo wangemuuliza, sukari imetosha? karafuu zimezidi? na angekuwa hana la kusema. Mkono wake wenye mwiko ulisimama, na shira ikaanza kuruka chini yake.

Nayibe akanyanyuka. Hakujua kama amenyanyuka mpaka alipojiona amesimama.

"Mama haonji," akasema. Sauti ilitoka kavu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Ameweka nadhiri. Ni ya kwetu, juu ya mto. Mpishi wa Juma Kuu anafunga. Hagusi kitamu mpaka bakuli la kwanza litoke nyumbani."

Zunilda akabaki na kijiko hewani. "Kumbe una sauti!"

"Ninayo," Nayibe akasema.

"Nadhiri ya nini?"

Hapo Nayibe alikuwa amefika mwisho wa ujasiri wake. Akageuka kumtazama mama mkwe. Etelvina naye alikuwa anamtazama, na katika macho yale mawili Nayibe aliona kwamba siku ile alikuwa ameliona kopo rafuni.

"Ya kupona," Etelvina akasema. "Niliumwa Januari, au umesahau? Nilisema nikiinuka kitandani nitapika kama alivyopika mama yangu, na sitaonja. Sasa toa kijiko chako, Zunilda, unanizibia mlio."

"Mlio gani?"

"Nyamaza utausikia."

Kwa mara ya kwanza tangu mtu yeyote akumbuke, Zunilda akanyamaza. Uani pakasikika sufuria peke yake. Ilikuwa bado inaongea haraka haraka, maji maji. Etelvina alikoroga huku ameinamisha kichwa, sikio moja kwenye mvuke. Nayibe alisogea akasimama upande wa pili wa moto, akasukuma kuni, akavuta kuni. Mlio ukaanza kuwa mzito. Mapovu yakawa makubwa, yakipasuka moja moja. Rosiris alisema iondolewe. Zunilda alisema bado sana, yeye angeongeza robo saa. Etelvina alipitisha mwiko katikati, na chini ya sufuria ikaonekana, mstari mwembamba, ukazibwa mara moja. Akakoroga. Akapitisha tena. Mstari ukakawia kidogo.

Alimtazama Nayibe. Nayibe hakuitikia kwa kichwa. Alikuwa na hofu, na alijua kwamba akiitikia kwa hofu ataharibu. Alisikiliza. Povu moja lilipasuka, likatulia, kisha jingine. Kwa bibi, mlio ukifika hapo bado palikuwa pamebaki kidogo.

"Bado, mama," akasema.

Etelvina akakoroga mara nyingine na nyingine. Mwiko ukapita, na njia ikabaki wazi nyuma yake kama njia ya ng'ombe katika matope.

"Ondoa!" wakasema wote wawili kwa pamoja, na Rosiris akarukia mpini.

Alhamisi Kuu mabakuli yalitoka. La kwanza lilikwenda kwa Zunilda, kwa amri ya Etelvina mwenyewe. Nayibe alilibeba kwa mikono miwili, akasema "mama anasalimu," akarudi, akajificha nyuma ya nguo zilizoanikwa. Kisha upande wa pili wa ua ukasikika mlio wa kijiko kikikwangua bakuli, kikikwangua tena mahali palipokwisha kukwanguliwa.

"Etelvina!" Ile sauti ya kuita feri. "Etelvina wee! Umebakiza?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni na ungo wake. Alimaliza kwanza kuchambua punje aliyokuwa nayo mkononi.

"Nimebakiza," akajibu. "Lakini ni ya sisimizi. Wasalimie, waambie maji yapo mtungini."

Kumbe mama mkwe naye alikuwa amesikia siku ile kupitia ua. Baada ya muda bakuli lilipita juu ya ua likiwa limejaa kitamu cha Zunilda cha viazi vikuu, kwa kishindo, mpaka kikamwagika pembeni.

Rosiris aliondoka na basi la adhuhuri, kabla njia hazijafungwa kwa maandamano ya msalaba. Alikuwa na chupa ya mongo mongo mkobani, na midomo yake bado ilikuwa na shira. Alichukua kamba yake mtini, akaikunja. Mlangoni alimkumbatia mama yake muda mrefu, na alipomfikia Nayibe akamshika shavu.

"Wifi," akasema, "ukuta huu unasema vizuri ukitaka." Akaondoka bila sufuria.

Ijumaa Kuu hawawashi moto. Mtaa ulikuwa kimya, kuku tu. Eliseo alikuwa amekwenda kubeba sanamu kanisani. Wanawake wawili walikaa uani na sufuria baridi katikati yao, wakikwangua kilichoganda kandokando, kile cheusi ambacho watu wa nyumba hawampi mtu.

Etelvina alitia kijiko kinywani. Jicho halikufumbwa. Alitafuna polepole, akameza, akaangalia mbali.

"Nakula kwa meno tu," akasema. "Nasikia nazi ilipo, nasikia ndizi ilivyo laini. Zaidi ya hapo ni kama natafuna kitambaa." Akafuta kijiko kwenye aproni. "Nilidhani itarudi. Kila asubuhi nalamba chumvi, kama mbuzi, najaribu."

Nayibe alitaka kumshika mkono lakini hakuzoea. Akasogeza kiti chake, magoti yao yakagusana.

"Niambie ikoje," Etelvina akasema. "Na usinitikisie kichwa."

Nayibe akachota. Akaiacha kinywani, akaifikiria. Bila kukusudia alifumba jicho moja.

"Inaanza na moshi," akasema. "Moshi kidogo, kama nguo iliyokaa karibu na moto. Halafu nanasi linakuja, linachoma ulimi pembeni. Utamu hauji mbele. Unakuja nyuma, polepole, ukishameza. Na mwishoni kuna uchungu mdogo, mzuri, ule wa miwa. Unafanya utake kingine."

Etelvina alikuwa amefumba macho yote mawili. Alikuwa anatafuna, ingawa kinywani hamkuwa na kitu.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo ya mama hiyo." Kisha akayafungua macho. "Na lile papai? Niliona umekula lote. Bakuli lako lilikuwa tupu. Nikasema moyoni, basi halikuwa baya, kama huyu kalimaliza."

Kuku mmoja akaja karibu na sufuria, akafukuzwa na mguu. Nayibe aliangalia vidole vya miguu yake, kwa mazoea, kisha akaona kwamba havina msaada wowote, akainua uso.

"Lilikuwa baya, mama. Lilinichoma koo mpaka machozi. Nililimaliza kwa sababu watu wengine walikuwa wanalimwaga, na mimi siku niliyokuja hapa wewe ndiye uliyeniacha nile."